Mpira Uko Chini

Mwishoni mwa mwaka 1947 timu ya India ya mpira wa magongo ilifunga safari ya kuja Afrika Mashariki. Waliowaalika, wanamichezo wa jumuiya ya Wahindi wa huku kwetu, walikuwa wameweka sharti moja tu: bila Dhyan Chand, timu isije. Jina la Dhyan Chand lilikuwa limevuka bahari miaka mingi kabla ya mwenyewe. Alikuwa na medali tatu za dhahabu za Olimpiki, za Amsterdam mwaka 1928, Los Angeles mwaka 1932 na Berlin mwaka 1936, na katika fainali ya Berlin timu yake iliwafunga Wajerumani, tena kwao, mabao 8 kwa 1.

Mtu aliyekuja alikuwa na umri wa miaka 42, umri ambao wachezaji wengi huwa wameshakuwa makocha au watazamaji. Kimo chake kilikuwa kama mita 1.70. Hakuwa na kifua cha kutisha wala miguu mirefu. Ukimweka kwenye umati wa watu wanaosubiri kivuko usingeweza kumtambua. Hadi ziara inakwisha alikuwa ameingiza mabao 61 katika mechi 22. Mwenzake K. D. Singh, aliyejulikana kwa jina la Babu, alimzidi kwa kufunga 70.

Namtanguliza mtu huyo kwa sababu tunaishi na imani inayokwenda kinyume naye, na imani hiyo inafanya kazi kila jioni kwenye viwanja vya shule zetu. Chukua Buswelu, makao makuu ya Ilemela mkoani Mwanza, ambako nyumba mpya zinapanda kila mwaka katikati ya mawe makubwa na viwanja vya shule ni changarawe, vumbi na majani yaliyokanyagwa. Mwalimu wa michezo akitaka kuunda timu ya netiboli, jicho lake linamwendea binti mrefu kwanza, na hakosei: pete iko juu, na anayefika juu anafunga. Kwenye wavu wa voliboli ni hivyo hivyo. Kwenye soka atamtafuta beki mwenye mwili na kipa mwenye mikono. Mtoto mfupi na mwembamba anajifunza mapema kusimama pembeni na kushika mifuko ya wenzake. Sasa mpe mwalimu huyo magongo 20 na mipira kumi, umwambie aunde timu ya mchezo ambao hajawahi kuufundisha. Atapanga foleni ileile, warefu mbele. Nataka kuonyesha kwa nini foleni hiyo haifai hapa.

Sheria za mchezo ndizo zinazoamua mwili gani una faida, kwa hiyo tuzitazame. Kwenye soka, beki mpana anaweza kusimama kati ya mpira na mshambuliaji, akampa mgongo, akausindikiza mpira mpaka ukatoka nje. Watazamaji wanampigia makofi. Kwenye magongo hiyo ni faulo. Mchezaji haruhusiwi kuutumia mwili wake kama ukuta wa kumzuia mwenzake asiufikie mpira. Anatakiwa ama asogee nao, ama auachie njia. Kusukumana kwa mabega hakuruhusiwi. Kichwa hakina kazi, kifua hakina kazi, na mguu hauruhusiwi kuugusa mpira isipokuwa ni mguu wa kipa ndani ya nusuduara iliyochorwa mbele ya goli lake. Faida zote ambazo mwili mkubwa hununua kwenye soka zimeondolewa na kitabu cha sheria.

Kinachobaki ni gongo. Lina upande mmoja bapa, wa kushoto, na ni huo tu unaoruhusiwa kucheza mpira. Hakuna gongo la mwenye mkono wa kushoto. Wote wanatumia umbo moja. Haliruhusiwi kuzidi gramu 737 kwa uzito wala sentimita 105 kwa urefu, na magongo mengi ya watu wazima yana sentimita 93 hivi. Mpira wenyewe ni mgumu, una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, na muda mwingi wa mchezo unatembea juu ya ardhi. Hapa ndipo hesabu ya miili inapoanza kugeuka. Mpira uko chini, na kila mchezaji, mwenye mita 1.50 na mwenye mita 1.90, lazima aufuate huko chini. Tofauti ni umbali wa kushuka.

Zingatia uzito unaoshuka nao. Kichwa, mikono na kiwiliwili kwa pamoja ni karibu theluthi mbili ya uzito wa mwanadamu. Mtu wa kilo 80 akiinama kuukokota mpira, misuli ya mgongo wake wa chini inabeba zaidi ya kilo 50 zilizoning'inia mbele ya nyonga. Mwenye kilo 55 anabeba 37 hivi. Na mrefu anainama zaidi, kwa kuwa gongo halirefuki pamoja naye. Kisha kuna kujipinda: kwa kuwa ni upande wa kushoto wa gongo tu unaocheza, mpira hukaa mbele ya mguu wa kulia, na mchezaji anakimbia akiwa ameinama na amepinda kiuno kwa wakati mmoja. Ndiyo maana maumivu ya mgongo ni ugonjwa wa kawaida wa wachezaji wa magongo duniani kote.

Mwaka 1990 watafiti wawili wa Uingereza, Reilly na Seaton, walichapisha kipimo cha jambo hili. Waliwakimbiza wachezaji kwenye mashine, mara wakiwa wima, mara wakiukokota mpira kwa gongo, kwa kasi ileile. Waliokokota mpira walitumia nishati zaidi na mioyo yao ilidunda kwa kasi zaidi, na wao wenyewe walisema kazi ilikuwa nzito zaidi. Kasi haikubadilika, kilichobadilika ni mkao. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua nani atacheza vizuri asianze kwa kupima kimo. Aangalie nani anaweza kukaa chini kwa muda mrefu, magoti yakiwa yamekunjwa na mgongo umenyooka, huku anakimbia.

Na kwa jambo hilo Buswelu haianzii mbali. Ukienda Bujora, kule Kisesa, siku za ngoma, utaona wachezaji wa bugobogobo wakiwa na majembe mikononi: magoti yamekunjwa, nyonga zimeshuka, jembe linazungushwa na kurushwa na kudakwa, na mgongo hauvunjiki. Mkao ule, wa mtu anayefanya kazi na chombo kirefu karibu na ardhi bila kuutupia mgongo mzigo wote, ndio mkao ambao makocha wa magongo wa Ulaya huutafuta kwa miezi kwa vijana waliozoea viti. Sidai kwamba ngoma inatengeneza wachezaji wa Olimpiki. Nasema kocha wa hapa anayo picha ya kuwaonyesha wanafunzi wake ambayo wataielewa bila maelezo marefu.

Kuna sababu nyingine inayompa mwili mdogo nafasi yake, nayo ni hesabu tupu. Chukua wanafunzi wawili wenye umbo linalofanana kabisa, mmoja ana sentimita 150 na kilo 45, mwingine amemzidi kimo kwa asilimia 10 tu, yaani ana sentimita 165. Nguvu ya msuli hutegemea unene wake, na unene ukikua kwa upana na kina unapata ongezeko la asilimia 21. Lakini uzito hukua kwa pande tatu, urefu, upana na kina, na ongezeko lake ni asilimia 33. Yule wa pili ana kilo 60. Ana nguvu zaidi kuliko mwenzake, hilo halina ubishi, ila kwa kila kilo anayoibeba ana nguvu pungufu. Kwenye kusukuma gari lililokwama, mwite yeye. Kwenye kuanza mbio ghafla, kusimama, kugeuka na kuanza tena, mara kwa mara katika robo nne za dakika 15 kila moja, yule mdogo analipa gharama ndogo zaidi kwa kila mgeuko. Kitovu cha uzito wake pia kiko karibu zaidi na ardhi, kwa hiyo chenga hazimwangushi kirahisi.

Jua la Mwanza linaongeza la kwake. Mwili mkubwa una ngozi kidogo ukilinganisha na uzito wake, na joto la misuli hutoka kupitia ngozi. Mchana wenye joto, mchezaji mzito hujaa joto mapema zaidi. Hapa sheria ya kubadilisha wachezaji bila kikomo ni msaada mkubwa: mwenye mwili mkubwa anaweza kutoka, akanywa maji, akarudi uwanjani.

Nisieleweke kwamba ukubwa ni hasara. Unazo sehemu zake, na ni vyema kuzijua kwa majina.

Beki anayemkaba mtu hujinyoosha, gongo likiwa kwa mkono mmoja, karibu kulala chini. Urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kidole hadi kidole, hukaribia kimo cha mtu, kwa hiyo aliyemzidi mwenzake sentimita 20 ana mkono mrefu zaidi kwa kama sentimita 10. Ongeza mguu mrefu unaopiga hatua ndefu zaidi, na beki huyo anaunyang'anya mpira ambao mwenzake angeukosa. Hiyo ni faida ya kweli, nayo hulipwa kwa namna ileile niliyoieleza: akishajinyoosha na kukosa, anachelewa kuinuka.

Sehemu ya pili ni kona fupi, ambako mabao mengi ya mchezo huu huzaliwa. Mpira unatolewa kwenye mstari wa goli, unasimamishwa nje kidogo ya nusuduara, na mpigaji anaupeleka golini. Sheria hapa imeandikwa kwa namna inayogusa moja kwa moja suala la miili. Pigo la kwanza likiwa la kugonga, mpira lazima uingie golini usizidi sentimita 46, urefu wa ubao wa nyuma wa goli. Lakini mpira ukiburutwa kwa gongo na kurushwa, bila kugongwa, unaweza kwenda juu upendavyo. Kuburuta huko kunataka hatua ndefu sana, mguu wa kushoto ukitupwa mbele na mwili mzima ukifuata kama upinde unaofyatuka, na wenye miguu mirefu na uzito wa kutupia mbele hupata umbali zaidi wa kuuongezea mpira kasi. Wapigaji bora wa dunia huvuka kilomita 100 kwa saa. Kutoka ukingo wa nusuduara, mita 14.63, mpira wa kasi hiyo unafika golini kwa nusu sekunde na kidogo. Hapa kimo kina kazi. Hata hivyo mpigaji wa kona fupi ni mmoja kati ya 11, na timu hupata kona chache tu kwa mechi. Huwezi kuunda timu nzima kwa kipimo cha mtu mmoja.

Sehemu ya tatu inayotajwa ni goli, na hapa ndipo imani ya soka inapotupotosha zaidi. Kila mtu atakwambia kipa awe mrefu. Lakini goli la soka lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Goli la magongo lina upana wa mita 3.66, nusu kamili, na urefu wa mita 2.14. Eneo lake lote halifiki mita za mraba 8, wakati la soka linakaribia 18. Kipa wa magongo haruki kutoka nguzo hadi nguzo. Amevaa makava mazito ya miguuni, viatu vya kupigia mpira, kinga ya kifua na kofia ngumu. Anazuia kwa mguu, kwa glavu, kwa gongo, mara nyingi akilala chini. Anachohitaji kwanza ni jicho la haraka na ujasiri wa kusimama mbele ya mpira mgumu unaokuja kwa kasi ya gari la barabara kuu.

Mfano ninaoupenda ni Maddie Hinch, aliyekuwa kipa wa Uingereza, ambaye kimo chake hakifiki mita 1.70. Kwenye fainali ya wanawake ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, timu yake ilitoka sare na Uholanzi, mabingwa waliokuwa wakitafuta dhahabu ya tatu mfululizo. Mshindi akaamuliwa kwa mapigo ya mmoja kwa mmoja, ambapo mshambuliaji anaanza mita 23 kutoka golini na ana sekunde 8 tu za kumshinda kipa. Waholanzi wanne walimwendea Hinch, na wote wanne walishindwa. Alikuwa na daftari lenye maelezo ya tabia za kila mpigaji: huyu hupenda kwenda upande gani, yule hufanya nini akibanwa.

Uholanzi wenyewe hutajwa sana katika mjadala huu. Waholanzi ni miongoni mwa watu warefu kuliko wote duniani, na wanawake wao wametawala mchezo huu kwa muda mrefu. Je, urefu ndio uliowapa? Ingekuwa hivyo, tusingewaona Waargentina wakitwaa Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2002 na 2010. Wala Jamie Dwyer wa Australia, mwenye takriban mita 1.72, asingetajwa mchezaji bora wa dunia mara tano. Uholanzi ina kitu kingine ambacho hakionekani kwenye picha za wachezaji: viwanja vya nyasi bandia vimetapakaa nchi nzima, na mtoto wa miaka sita anaanza kucheza juu yake.

Hapo tunafika kwenye jambo linalotuhusu zaidi, kwa kuwa Tanzania inayo historia yake katika mchezo huu, na ni historia inayofaa kusimuliwa bila aibu. Mwaka 1980, mataifa mengi yalipoisusia Olimpiki ya Moscow, timu sita tu za wanaume zilishiriki mpira wa magongo: India, Hispania, Umoja wa Kisovyeti, Poland, Cuba na Tanzania. Ukisoma orodha ya wachezaji wetu unaiona nchi ilivyokuwa: Leopold Gracias, Abraham Sykes, Jasbir Virdee, Taherali Hassanali, Rajabu Rajab, Patrick Toto. Wagoa, Singasinga, watu wa pwani na wa bara, miili ya kila namna chini ya jezi moja. Mechi ya kwanza walikutana na India, wakafungwa 18 kwa 0. Wenyeji, Wasovyeti, waliwafunga 11 kwa 2. Cuba iliwafunga 4 kwa 0, na walipokutana tena kugombea nafasi ya tano, ikawa 4 kwa 1. Tanzania ilimaliza ya sita.

Baada ya kipigo kama hicho ni rahisi kusema miili yetu haitoshi. Lakini kwenye Olimpiki hiyohiyo Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi, na Suleiman Nyambui, kijana wa Majita kwenye ufuo wa ziwa hilihili la kwetu Mwanza, akapata ya fedha katika mita 5,000. Miili ilikuwepo. India iliyotufunga 18 haikuwa timu ya majitu; ni timu ya watu wa vimo vya kawaida waliokuwa na magongo mikononi tangu utotoni, na ndiyo iliyotwaa dhahabu. Zaidi ya hapo, Moscow walicheza juu ya nyasi bandia, ambako mpira unateleza moja kwa moja na kwa kasi. Aliyejifunza juu ya udongo amezoea mpira unaoruka na kubadili njia. Mikono yake husubiri mdundo ambao hauji, na mpira unakuwa umeshapita.

India yenyewe ilikwisha kulionja jambo hilo. Mwaka 1976, Olimpiki ya Montreal ilipotumia nyasi bandia kwa mara ya kwanza, mabingwa hao wa zamani walimaliza wa saba, bila medali, mara ya kwanza tangu walipoanza kushiriki mwaka 1928. Wakaanza kusikika wanaosema Waasia ni wadogo mno kwa mchezo wa kisasa, kwamba zama za mwili wa Kizungu zimefika. Maneno hayo yalidumu miongo. Kisha India ikapata viwanja, ikapata makocha, ikabadili mazoezi, na ikatwaa shaba kwenye Olimpiki ya Tokyo na tena ya Paris mwaka 2024. Mwili wa Mhindi haukubadilika katika miaka hiyo kiasi cha kueleza tofauti. Uwanja ndio uliobadilika chini ya miguu yake.

Na jirani zetu Kenya wametoa ushahidi wa namna yao. Mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, lililochezwa Barcelona, Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na Hispania bao 1 kwa 0, kisha ikapoteza kwa India 2 kwa 1 na kushika nafasi ya nne. Ya nne duniani, nchi ya Afrika Mashariki. Nguzo ya ulinzi wa kizazi hicho alikuwa Avtar Singh Sohal, beki aliyeichezea Kenya katika Olimpiki nne, kuanzia Roma mwaka 1960 hadi Munich mwaka 1972. Nguvu ya timu hiyo ilitoka kwenye vilabu vya Nairobi, vya Singasinga na vya Wagoa, ambako baba alicheza, mwana akacheza, na mechi zilikuwepo kila wiki. Wachezaji wengi walipohamia Uingereza na kwingineko katika miaka iliyofuata, Kenya haikupungukiwa na watu wenye miili mizuri. Ilipungukiwa na zile mechi za kila wiki. Olimpiki yake ya mwisho ilikuwa ya Seoul mwaka 1988. Januari 2024 wanaume wa Kenya walionekana tena kwenye jukwaa la dunia, Muscat, katika Kombe la Dunia la kwanza la magongo ya watu watano kwa watano. Mchezo huo unachezwa kwenye uwanja mdogo wenye mbao pembeni, na kwa maoni yangu ndio unaofaa zaidi mahali pasipo na eneo la mita 91 kwa 55 lililo tambarare. Yeyote aliyewahi kutafuta kiwanja kati ya mawe ya Ilemela anajua ugumu wake.

Turudi kwa mwalimu na foleni yake, maana hapo ndipo madhara hufanyika, na hufanyika kwa watoto. Wanafunzi wa darasa moja, wote wana miaka 13, wanaweza kutofautiana miaka kadhaa katika ukuaji wa mwili. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana wakiwa na miaka 14. Aliyewahi kubalehe anaonekana ana kipaji kwa sababu anakimbia haraka na anapiga kwa nguvu. Mwenzake aliyechelewa anaonekana dhaifu. Mwalimu anamchukua wa kwanza, anampa mazoezi, mechi, safari za mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Miaka minne baadaye yule aliyechelewa amemfikia kimo, pengine amempita, lakini gongo hajawahi kulishika. Kwenye mchezo ambao ustadi wa mikono hujengwa kwa maelfu ya miguso ya mpira, huyo ameshaachwa mbali, na kilichomwacha ni tarehe ya kubalehe.

Aliyewahi naye huumia. Kwa kuwa alikuwa mkubwa, aliwekwa beki au golini na akaambiwa apige mbele. Hakuna aliyemlazimisha kujifunza chenga, kupokea mpira akiwa amebanwa, kuangalia kabla ya kupokea. Wenzake wanapomfikia kimo, anabaki na miguu mirefu na ufundi mdogo.

Kwa sababu hiyo, kwa vijana walio chini ya miaka 16, ningemshauri mwalimu wa Buswelu asimpe mtu nafasi ya kudumu. Aliyecheza mbele wiki hii arudi nyuma wiki ijayo. Kila mmoja avae makava ya kipa walau mara chache, pamoja na yule mdogo kuliko wote. Kwenye mazoezi ya mwili aanze na magoti na mgongo: kuchuchumaa, kutembea ukiwa umeshuka chini, kukimbia kwa mwendo mfupi na kugeuka. Mbio ndefu za kuzunguka uwanja zinaweza kusubiri. Kwa mwanafunzi mwenye uzito mkubwa, apunguze dakika za kuinama mfululizo na aongeze mapumziko ya maji, badala ya kumwondoa kwenye timu.

Na magongo yapimwe. Shule nyingi hupata vifaa kwa msaada, na vikija, mara nyingi huja vya watu wazima, sentimita 93 au zaidi. Mtoto wa sentimita 140 akipewa gongo hilo, ncha ya juu inamchoma tumboni, mikono inapanda, kiwiko kinatanuka, na mwalimu anasema hana mikono ya mchezo huu. Kipimo cha kawaida ni rahisi: simamisha gongo sakafuni kando ya mguu, ncha yake ifike kwenye mfupa wa nyonga. Kwa mtoto huyo hiyo ni kama sentimita 80. Magongo ya mbao yanaweza kukatwa juu kwa msumeno na kuzungushiwa upya kitambaa cha mshiko. Fundi seremala yeyote anaiweza kazi hiyo. Kwa kuwa watoto wanakua, kipimo kirudiwe kila mwanzo wa muhula, na gongo lililomwia mtu fupi apewe mdogo anayemfuata.